Bunduki Iliyopimwa kwa Mkono Wangu

Juzi nilikwenda kwa fundi wa nguo pale Ruiri anishonee gauni la harusi ya mjukuu wangu. Kijana mcheshi, tepu shingoni, redio ikipiga kelele nyuma yake. Akaniambia, "Shosho, nyosha mkono," kisha akakishika kiwiko changu na kukikunja ili apime mikono ya gauni. Nikaukwapua mkono kabla sijajua ninachofanya. Maskini wa Mungu akaduwaa. "Shosho, nimekuumiza?" Nikamwambia ni vidole vyake tu, vina baridi. Nilimdanganya. Nilikuwa nimemkumbuka mtu mwingine aliyewahi kunikunja mkono vilevile nikiwa mtoto, siku ambayo baba yangu alichukuliwa.

Keti basi nikusimulie, maana watoto wangu wamechoka kunisikiliza na nawaelewa.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu, upande wa juu wa Ruiri, kule ambako baridi ya mlima hushuka asubuhi na vumbi la nyika hupanda mchana. Baba alikuwa mpishi wa Bwana. Mama alifua na kupiga pasi nguo za nyumba hiyohiyo. Sisi tulilala kwenye laini, vile vyumba vya mbao vilivyopangwa nyuma ya zizi la ng'ombe, na harufu ya samadi tuliizoea hadi hatukuisikia tena. Kila siku baada ya kuokota kuni nilikuwa naenda kukaa kizingitini mwa jiko la Bwana, pale mlango unapotoa joto, nikinusa mkate ukiiva. Baba hakuruhusiwa kunipa hata kipande, lakini ganda lililoungua lilijua njia ya kufika mkononi mwangu. Nyumbani tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na jioni uji wa wimbi. Siku baba alipoleta mabaki ya mezani, mama alitugawia na kusema, "Kuleni vizuri, leo tuko Ulaya." Tulicheka kila mara, ingawa maneno yalikuwa yaleyale.

Na kulikuwa na kanga. Sijui kama umewahi kuwasikia wakiwa wengi, wakati jua linapopunguza ukali, wanavyopiga kelele kwenye nyasi kana kwamba wote wanalaumiana. Bwana aliwapenda kwa bunduki. Akirudi na kamba ya kanga wamening'inia, kazi ya kunyonyoa ilikuwa yetu, mama na mimi. Maji ya moto, manyoya yamejaa puani, vidole vinanuka mpaka kesho yake. Manyoya yale ya madoadoa niliyaona mazuri kuliko kitambaa chochote cha memsaab, mke wa Bwana. Mama aliruhusiwa kuyachukua, akatushonea mto.

Hiyo ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni. Wewe uliyezaliwa juzi utaisoma vitabuni, lakini mimi naikumbuka kama kimya. Watu wazima waliacha kuongea wakiona mtoto anakuja. Wafanyakazi wa Kikuyu waliokuwa majirani zetu kwenye laini walipakiwa kwenye lori asubuhi moja na kuku wao wakabaki wakizurura. Baba hakuweza kwenda hata Kianjai kumwona mama yake bila karatasi yenye muhuri. Na silaha, usiseme. Mtu mweusi akikutwa na risasi moja tu mfukoni, alikuwa amekwisha. Mzungu naye aliyeacha bunduki yake ikashikwa na mtu mweusi alishtakiwa, na bunduki zake zote zikachukuliwa. Kwa hiyo Bwana alizifungia ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo hakuutoa kiunoni.

Sasa, baba alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwa mama yake. Chombo chochote kilichokatwa kwa kipimo cha mtoto hakikuanza kutumika mpaka mzazi akitemee maziwa. Nilipokatiwa mpini wa jembe langu la kwanza, alinipima kutoka kiwikoni hadi vidoleni, akakata, akanishikisha, halafu akajaza maziwa mdomoni na kunipulizia mkononi na kwenye mti pamoja, mvua nyembamba ya vuguvugu. Kisha akasema maneno polepole karibu na sikio langu, "Kikutumikie, kisikugeukie," na mengine yaliyofuata. Kilichopimwa kwa mwili wako bila baraka, alisema, kitakutafuta siku moja kikudhuru. Mimi nilipenda ile mvua tu. Ilinichekesha.

Bwana alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu aliyesoma bwenini, mbali, na alirudi wakati wa likizo kwa treni na gari. Nguo alizochoka kuzivaa kijana huyo, memsaab alinipa mimi. Nilikuwa msichana wa pekee kwenye laini mwenye shati la kaki lenye vifungo vya kizungu, na mikono ya shati ilinikaa sawasawa. Hiyo ndiyo bahati yangu mbaya. Memsaab alijua kwamba mkono wangu na wa mwanawe ni mkono mmoja.

Likizo ilipokaribia, Bwana aliamua kumpa kijana wake bunduki yake ya kwanza ya kuwindia kanga. Alitaka aikute tayari. Alasiri hiyo nilikuwa naanika nguo pamoja na mama, nikamsikia akiita kutoka barazani, "Wewe, kuja hapa! Mimi nataka mkono yako kidogo tu."

Mama aliacha shuka ikidondosha maji. Akanisukuma mgongoni polepole, nikaenda. Ungefanya nini?

Barazani juu ya meza kulikuwa na bunduki tatu za marisau zimelazwa kwenye blanketi. Ya kwanza ilikuwa ya mitutu miwili, ndefu, ya baba yake Bwana. Aliniwekea begani nami nikayumba, akacheka, akaitoa. Ya pili ilikuwa nyepesi mno. Alimweleza memsaab huku akijipiga bega, na hata bila kujua Kiingereza nilielewa: bunduki nyepesi hupiga teke, na mtoto akipigwa teke siku ya kwanza ataogopa kufyatua maisha yake yote. Ya tatu ilikuwa ya mtutu mmoja, uzito wa kadiri, mti wake mwekundu kama chai ya rangi. Aliipenda hiyo. Ila kitako kilikuwa kirefu. Basi akakishika kiwiko changu, akakikunja, akakiegemeza kitako ndani ya mkunjo, akatazama kama kidole changu kinafika kwenye kifyatulio. Hakikufika. Akaweka alama kwa penseli, akaleta msumeno, akakata. Unga mwekundu wa mbao ukaanguka kwenye miguu yangu. Akapima tena. Kidole kikafika.

"Mzuri sana," akasema. "Mzuri sana, toto." Akanipa biskuti.

Nitakueleza ukweli: nilifurahi. Nilikuwa nimesimama pale juu, bunduki mpya begani, watu wazima wawili wakinitazama kana kwamba mimi ni mtu. Nilijiona nikiwafuata kanga nyasini. Utoto hauna akili.

Hapo ndipo baba alipotoka na sinia ya chai.

Alisimama. Nilimwona akiitazama bunduki, unga wa mbao, mkono wangu, penseli. Najua alichokuwa anawaza kwa sababu mimi mwenyewe nimekiwaza mara nyingi tangu siku ile. Kitu kimekatwa kwa kipimo cha mtoto wake, na si jembe. Ni kitu cha kuua, na hakijabarikiwa. Alijua Emajensi ni nini kuliko mtu yeyote kwenye shamba lile. Alijua pia kwamba yule ni mtoto wake. Aliweka sinia chini, akainua jagi la maziwa, akajaza funda moja mdomoni, akainama, akanipulizia mkononi na kwenye kitako. Akaanza maneno yake sikioni mwangu.

Bwana alicheka! Nataka ulikumbuke hilo. "Hei, mpishi! Wewe nachafua bunduki!" Alicheka kabisa, na memsaab akatabasamu, akachukua kitambaa cha chai ili apanguse.

Ila kulikuwa na mgeni. Afisa kijana wa polisi, mzungu, rafiki wa nyumba, alikuwa amealikwa chai na alikuja kwa miguu kupitia bustani. Alipopinda kona ya nyumba hakumwona mpishi akimbariki mtoto wake. Aliona mtu mweusi akitema kitu juu ya silaha na kunong'ona, na mtoto mweusi ameishika. Wakati ule neno kiapo, kile cha wapiganaji wa msituni, lilikuwa vichwani mwao usiku na mchana. Akachomoa bastola. Baba akanyanyua mikono, maziwa yakimtiririka kidevuni.

Yule afisa aliuliza swali kwa Kiingereza, akininyooshea kidole mimi. Bwana hakucheka tena. Alitazama meza, akatazama sanduku lililokuwa wazi, akajibu kwa maneno machache. Memsaab alibaki na kitambaa chake mkononi. Kisha akaingia ndani, na mlango ukafungwa polepole, kwa adabu.

Baba alifungwa mikono akiwa bado amevaa aproni nyeupe. Aliponipita alisema kwa Kimeru, "Usilie mbele yao." Nikajitahidi.

Tulidhani kesho yake atarudi. Mama alisema, "Bwana alikuwa pale. Bwana ataongea." Alilisema neno hilo asubuhi na jioni, na mimi nikalishika. Kila gari lililopanda kilima nilikimbia kulitazama. Moja likamleta kijana wa Bwana na sanduku lake la shule. Kesho yake akaenda nyikani na baba yake, na bunduki ile ikamkaa begani bila kasoro. Walirudi na kanga. Na kwa kuwa nyumba haikuwa na mpishi, mama aliitwa awanyonyoe na kuwapika.

Niliwanyonyoa pamoja naye. Mama alifanya kazi ile kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona tena, hakuacha hata unyoya mmoja, kwa sababu aliamini kwamba Bwana akila vizuri moyo wake utalainika. Alipopeleka sahani mezani nilikuwa mlangoni nimebeba mchuzi. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Bwana, tafadhali. Baba ya watoto hakukosea. Wewe uliona. Sema neno moja tu kwa polisi."

Bwana aliendelea kukata nyama. "Hii maneno ya serikali, mama. Mimi hapana weza."

"Lakini wewe ndiyo uliita mtoto, Bwana."

"Hapana ongea hiyo!" Alipiga meza, kijana wake akashtuka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kwenda. Mpaka Jumamosi, kwenda na watu yako."

Ndivyo tulivyoondoka, tukabeba tulichoweza kubeba, tukaenda kwa nyanya Kianjai. Nako watu walikuwa wameshaamriwa kuhamia kijijini, nyumba zimebanana, homgadi, askari weusi wa serikali, mlangoni, na jioni kafyu, hakuna kutoka nje. Nyanya alimuuliza mama swali moja tu, kama mwanawe alikuwa na makosa. Mama akamwambia alimbariki mtoto. Nyanya hakuuliza tena. Ni yeye aliyemfundisha.

Baba alirudi baada ya miaka mingi, uhuru ulipokuwa unasubiriwa mlangoni. Alirudi mwembamba na mtaratibu, akakaa nje kwenye jua, akala kila alichopewa bila kukisifu wala kukilaumu, yeye aliyekuwa akijua chumvi ikizidi kwa harufu tu. Ya kambini hakuyasimulia. Jambo moja tu alituambia, nami nalishukuru na kulichukia. Alikuwa anaelewa Kiingereza, ameelewa muda wote, miaka ya jikoni ilimfundisha, ila alikificha kwa kuwa mpishi asiyeelewa huishi kwa amani. Afisa aliuliza, nani amempa mtoto huyu bunduki? Bwana akajibu, "Sijui. Nilikuwa ndani. Nimetoka sasa hivi kama wewe."

Maneno hayo tu. Yaliokoa bunduki tatu.

Bwana aliuza shamba baadaye akaenda zake. Nasikia waliokuwa wafanyakazi wake walimchinjia mbuzi wa kumuaga na yeye akalia. Siamini machozi ya namna hiyo, na sitaomba radhi kwa kutoyaamini. Shamba limegawanywa vipande, watu wamejenga, wamelima viazi. Kanga wameisha. Kwa hayo sina kinyongo, watu lazima wale na walale mahali.

Kinyongo changu ni hiki. Mtoto wangu wa kwanza alipofika umri wa kushika jembe, nilimkatia mpini mdogo na kumpeleka kwa baba. Nilibeba maziwa kwenye kibuyu, bado ya moto. Niliona ananitazama, kisha anautazama ule mpini, kisha anageuka kutazama njia, kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu. Tulikuwa huru, bendera ilikuwa shuleni. Nikamsogezea kibuyu. Akakipokea kwa heshima, akakiweka chini.

"Mpe anywe," akasema. "Ni mazuri kwa mifupa."

"Baba, nimekuja umtemee."

Akapangusa midomo yake kwa kiganja, ingawa ilikuwa mikavu. "Mwache mtoto, mama," akaniambia. "Mwache tu."

Sikumlazimisha. Alizikwa bila kumbariki mtoto wangu yeyote. Nimejaribu kulifanya mwenyewe, nimejaza maziwa mdomoni nikiwa peke yangu jikoni, nikashindwa kwa sababu maneno siyajui yote. Nayajua yale ya mwanzo. Mengine alikuwa bado hajayafikia siku ile barazani, na ya siku ya jembe nilikuwa nacheka, sikusikiliza. Wajukuu wangu wananunuliwa majembe dukani, mpini umeshatiwa, saizi moja kwa wote, na wanaanza kulima tu.