Alama ya Kidole Gumba

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kibarua katika kituo cha utafiti wa matunda huko Kitale. Nilipima maparachichi ya wakulima: uzito, rangi na ulaini. Ulaini niliupima kila asubuhi kwa kuyabonyeza kwa kidole gumba. Siku ya nane niliyakata na kuandika chanzo cha kila doa jeusi.

Maparachichi ya kikundi kimoja cha Kiminini yalikuwa na madoa mengi kuliko yote. Mama aliyeyachuma ndiye aliyekuwa mchumaji wa kikundi kizima. Niliandika kwamba yaliumizwa wakati wa kuchumwa. Kikundi kiliposomewa matokeo, kazi yake alipewa mtu mwingine.

Baadaye nilinunua kitabu kikuukuu sokoni Bungoma, nikasoma kwamba tunda likibonyezwa leo, jeraha huonekana baada ya siku kadhaa. Nilichukua parachichi zima, nikalibonyeza, nikangoja, nikalikata. Doa lililingana kabisa na alama ya kidole changu gumba. Matunda ya yule mama yalikuwa yamekomaa vizuri, yakawahi kulainika, ndiyo maana niliyaumiza zaidi.

Nilikwenda Kiminini kumwambia ukweli. Nilimkuta akichambua maharagwe na jirani zake.

"Karibu, daktari wa matunda," alisema. "Umekuja kuupima huu mkono wangu mzito?"

Jirani zake walicheka. Nami nikacheka, kisha nikamwuliza kama mvua imeanza kunyesha huko kwao.