Mipini ya visu ilivyotuumbua Mpanda, na epoxy iliyonirudishia heshima

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Nimesoma uzi wa mafundi mnaobishana epoxy ipi inafaa kushikisha mipini ya visu. Huyu anasema hii ndiyo yenyewe, yule anasema ni feki, mwingine ameshaanza kutukana wenye maduka. Nimejikaza ninyamaze nimeshindwa.

Naombeni leo nijisifu kidogo. Hili jambo nimelifanya kwa mikono yangu, na ushahidi wake bado unakata nyama mpaka leo.

Sitatia chumvi. Kama humu kuna mtu aliyekuwepo Mpanda miaka ya tisini, akiona nimedanganya anisute mbele ya wote.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke. Najua wengi mmeshaniita kaka humu, haina shida, nimezoea.

Nimezaliwa Kawajense, hapo hapo Mpanda. Baba Mfipa, mhunzi wa kurithi. Mama Mkonongo wa upande wa Inyonga, kwao ni watu wa mizinga na asali. Ukikaa nyumbani kwetu, nguo zako zinanuka moshi wa mkaa upande mmoja na nta ya nyuki upande wa pili.

Baba alikuwa anatengeneza visu na mapanga kwa chuma cha springi za malori. Kwa wahunzi wa kwao mwanamke hakaribii moto wa chuma, ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo bandani kazi zikagawanyika. Chuma cha baba, mbao zangu. Nilikuwa nachonga mipini ya mninga, na jamani, nilikuwa najivuna nayo vibaya mno.

Zamani mpini ulikuwa wa namna moja tu. Baba anaufanya mkia wa kisu kuwa mwembamba, anauchoma mpaka unakuwa mwekundu, anausukuma ndani ya mti. Unashika, lakini mikono ikiwa na mafuta ya nyama mpini unaanza kuzunguka. Wachinjaji walikuwa wanalalamika kila siku.

Mimi ndiye nilileta habari ya mbao mbili. Nilikiona kisu cha hivyo kwa abiria mmoja pale stesheni, kashuka treni ya kutoka Tabora. Mkia wa kisu unaachwa mpana, unawekewa ubao huku na ubao huku, halafu unapigiliwa misumari ya shaba. Nilimwomba nikishike. Akaniangalia kama mwizi, lakini akanipa.

Sasa misumari peke yake haitoshi. Maji na damu vinapenya katikati, ubao unavimba, unaachia. Inatakiwa gundi. Hapo ndipo epoxy ikaingia maishani mwangu.

Kwa wasioijua, ni tyubu mbili. Unakamua sawa kwa sawa, unachanganya, inageuka jiwe. Kwetu ilikuwa inaletwa kwa treni pamoja na misumari na betri za redio, na hukujua leo dukani kuna ipi.

Basi akaja Mzee Masanja.

Huyu alikuwa mfugaji, Msukuma, kahamia huku na ng'ombe wake na familia yote. Mtu mkimya, mwenye heshima zake. Alikuwa anaozesha binti, na wakwe walikuwa wanakuja kukamilisha mazungumzo ya mahari. Siku hiyo lazima dume lianguke. Akataka visu vipya, na alipoona mipini yangu ya mbao mbili inavyong'aa akasema anataka vyote vya hivyo.

Nilivitengeneza kwa mapenzi yote. Nilitumia epoxy ya haraka, ile inayokauka kabla hujamaliza kutafuna kipande cha muwa. Niliipenda kwa sababu nilikuwa naona matokeo hapo hapo. Ujana huo.

Baada ya siku chache Mzee Masanja akarudi. Visu kavifunga kwenye kitenge. Akakifungua juu ya benchi taratibu, vyuma upande wake, mbao upande wake.

"Binti, visu vyenu vinakata vizuri," alisema. "Lakini siku ya wakwe kisu kilibaki kwa ng'ombe, ubao ukabaki mkononi."

Kumbe walikuwa wanavichovya kwenye maji ya moto kutoa mafuta, kama kawaida ya wachinjaji. Mbao zikalegea. Kijana wa upande wa wakwe akiwa anachuna, kisu kikamgeuka kikamchana kiganja. Wakwe hawakusema neno. Na nyie mnajua, wakwe wakinyamaza ndiyo mbaya zaidi.

Mzee hakugomba. Alisema harusi yenyewe ni baada ya mavuno ya mpunga, na visu vya harusi bado anavitaka kwetu kwa sababu chuma cha baba anakiamini. Ila mipini ile hataki kuiona tena.

Alipoondoka baba alivikusanya vile vyuma na mbao. Halafu akanitamkia hukumu yangu. Tunarudia mipini ya zamani, ya kuchoma. Mkia mwembamba, moto, kwisha.

Mnaelewa maana yake? Mipini ya kuchoma ni kazi ya moto, na moto ni wa baba. Bandani nisingekuwa na kazi tena. Akasema niende nikamsaidie mama kukamua asali.

Asali ni kazi nzuri, msinielewe vibaya. Lakini mimi nilikuwa fundi. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni.

Nikamwomba baba anipe mpaka mavuno. Nikamwambia nikishindwa nitatoka bandani mwenyewe bila kusukumwa. Akakubali kwa kichwa tu, na ninavyomjua baba, alikubali ili nisilie mbele ya wateja.

Nikaanza kutafuta epoxy ya kuaminika.

Nilizunguka maduka yote ya Shanwe, pale pale mjini Mpanda. Kila mwenye duka alikuwa anaapa kwa gundi yake kuliko anavyoapa kanisani. Nikarudi na epoxy ya haraka ya aina nyingine, epoxy ya taratibu inayotaka kulala usiku na kushinda mchana, na supa gluu ya watengeneza viatu.

Nikagundisha vipande vya mbao kwenye vyuma chakavu vya baba. Nikaviacha vikauke. Halafu nikavitesa. Nikavichemsha kwenye sufuria, nikaviangusha kwenye jiwe, nikavianika juani kwenye bati.

Vyote vikaachia. Supa gluu ilikuwa ya kwanza, hiyo ilipasuka ilipoanguka tu. Za haraka zikafuata. Hata ile ya taratibu, niliyokuwa nimeiwekea matumaini yote, ikatoka sufuriani ubao unaelea peke yake kama unaogelea.

Kila mtu akasema gundi ni feki. Hata mimi nilisema. Baba akaanza kuifanya mikia ya visu vya harusi kuwa myembamba, tena mbele yangu, bila kuniangalia.

Hapa wakuu nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye siri.

Nilikuwa naosha vile vipande nivitupe. Nikaona kitu. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye chuma, imeng'ang'ania kama kupe. Upande wa ubao palikuwa safi kabisa, kama haukuwahi kuguswa.

Na maji yalikuwa hayaingii kwenye ubao. Yalikuwa yanakusanyika matone na kuteleza, kama maji kwenye jani la magimbi.

Nta.

Pale nyumbani mbao zote za mninga zilikuwa zinapakwa nta ya moto zikiwa bado mbichi, zisipasuke kiangazi. Mama ndiye alikuwa anazipaka, kwa nta inayobaki akishachuja asali. Ndiyo iliyokuwa inafanya mipini yetu ing'ae kuliko ya wengine. Ilikuwa fahari ya nyumba yetu. Kwenye mpini wa kuchoma haikuwa na tatizo lolote. Kwenye epoxy ilikuwa sumu.

Yaani tulikuwa tunagundisha juu ya mafuta, halafu tunamlaani mwenye duka.

Kumwambia mama ilikuwa kazi kuliko kazi yenyewe. Nilimkuta anakoroga nta yake, nikamweleza kwa upole. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Nta imekulisha tangu unanyonya," akasema, "leo ndiyo imekuwa adui?"

Sikubishana. Nilichukua ubao mmoja wenye nta na mmoja usio na nta, nikazimwagia maji zote mbili mbele yake. Mama ni mtu wa nyuki, anajua nta inavyofanya kazi kuliko mimi. Alitazama, akaguna, akaendelea kukoroga. Lakini tangu siku hiyo mbao zangu hakuzigusa mpaka nimwambie.

Nikaenda kwa seremala mmoja Shanwe nikaomba vipande vya mninga mkavu ambao haujapakwa kitu. Nikarudia kila kitu upya.

Sasa ndipo epoxy zikaanza kutofautiana. Ya haraka ilishika vizuri kwenye maji baridi, lakini kwenye maji ya moto ilikuwa laini, nikiingiza bisibisi inabanduka. Ya taratibu nilipoipigia nyundo, ubao ulipasuka wenyewe. Gundi ikabaki na nyuzi za mti zimeganda juu yake.

Wakuu, niliruka bandani kama mtoto. Nilikuwa nimevunja ubao na nimefurahi.

Haikuisha hapo. Kisu cha kwanza nilikibana kwenye jiriwa kwa nguvu zangu zote, gundi ikakamuliwa nje, katikati ikabaki pakavu. Kikaachia. Nikajifunza kufunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, unabana bila kukamua. Chuma nikawa nakikwaruza kwa msasa mkali mpaka kipoteze ung'avu, halafu nakipangusa kwa spiriti, na baada ya hapo sikigusi kwa vidole. Mtu nimetoka kula ugali na mlenda, naanzaje kushika tena?

Na kile kisu kikishalala usiku, mchana nilikuwa nakianika kwenye bati. Jua la Mpanda mnalijua. Epoxy ya taratibu ikipata joto hilo inakomaa zaidi.

Nta nilirudisha mwishoni kabisa, kwa nje, mpini ukiwa umeshakauka. Mama aliipaka mwenyewe. Ukang'aa vilevile.

Kisu cha kwanza kilichokamilika nilimpelekea baba. Akakitia kwenye maji yanayochemka, akakitoa, akaupiga mpini na nyundo yake ya mkono. Akarudia. Akaukagua mshono wa mbao na chuma kwa kucha.

Kisha akaiweka pembeni ile mikia myembamba aliyokuwa ameanza, akachukua springi mpya na kuanza kupiga mikia mipana.

Harusi ya Mzee Masanja ilikuwa kubwa. Watu walitoka mpaka Katumba. Baba alialikwa, akasema na mimi niende.

Niseme ukweli, sikula. Nilisimama karibu na wachinjaji nikiwa nimejikunyata, macho kwenye mikono yao. Dume la kwanza likachunwa. La pili. Visu vinaingia kwenye sufuria ya maji ya moto, vinatoka, vinarudi kazini. Kila kisu kikitoka, naangalia mshono wake kwanza.

Hakuna kilichoachia.

Na yule kijana aliyekatwa kiganja alikuwepo. Alikuwa na kovu. Alikishika kisu mwanzoni kwa wasiwasi, anaubonyeza mpini kwa dole gumba. Baadaye nikaona anachuna huku anapiga soga na wenzake, ameshasahau kabisa kama ana kisu mkononi. Hiyo kwangu ilikuwa sifa kuliko makofi.

Jioni wazee wa kikeni na wa kiumeni wamekaa, mmoja wa wakwe akakiinua kisu, akauliza fundi wa vitu hivi ni nani, na yeye anavitaka. Watu wote wakamgeukia baba, ndiye mhunzi anayejulikana.

Miaka yote baba akiulizwa hivyo alikuwa anaitikia yeye. Na ilikuwa haki yake.

Siku hiyo alinionyesha kwa mkono. "Fundi ni huyo binti yangu," akasema. "Mimi namchomea chuma tu."

Mhunzi wa Kifipa, mbele ya wazee wa watu, anasema anamchomea chuma binti yake. Nilienda nyuma ya zizi nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Baba sasa ni marehemu. Mimi bado natengeneza mipini, na sikurudi kwenye asali.

Nilichojifunza ni hiki. Epoxy ya kuaminika ni ya taratibu, hilo sina ubishi nalo. Kama kisu chako kitaona maji ya moto, ya haraka achana nayo. Lakini hata iliyo bora haiwezi kushika juu ya mafuta. Mpingo nao una mafuta yake ya asili, upanguse kwa spiriti hapo hapo kabla ya kugundisha, usiupanguse siku moja kabla. Na kabla hujasema dukani wamekuuzia feki, mwagia ubao wako tone la maji. Likiteleza, mkosaji unaye nyumbani.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi nikosoeni, wenye mbinu nyingine leteni, hasa wanaotumia pembe ya ng'ombe kwa mipini, hiyo bado inanisumbua. Na kama kuna mtu wa ukoo wa Mzee Masanja humu, vile visu bado vipo?