Kumsomea Mama Wachina

Mama alikuja Kitale na begi moja, Biblia yake, na msimamo kwamba hatakaa zaidi ya wiki mbili. Alikaa mwaka mzima na zaidi. Nyumba ya Bungoma, alisema, ilikuwa imeanza kusikiliza pamoja naye. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, yeye na kuta walikuwa wananyamaza kwa wakati mmoja.

Kaka yangu alikuwa ametoka Kapsokwony siku ya mvua, akirudi nyumbani. Pikipiki yake ilipatikana chini ya daraja, imenaswa kwenye mizizi, ufunguo ungali ndani. Yeye hakupatikana. Watu walitafuta kando ya mto mpaka maji yakapungua, wakapata kiatu kimoja. Mama alikigeuza mara mbili, akasema si chake. Mimi nilidhani ni chake, lakini sikusema.

Kazi yangu ni kukusanya habari za redio: bei ya mahindi, ajali, mikutano ya wakulima. Kufikia saa kumi na moja jioni huwa nimefika nyumbani. Ndipo tulipoanza kutazama tamthilia za Kichina, mimi na Mama, kabla ya chakula. Za hapa kwetu alizikataa, akasema watu wanapigiana kelele sana. Wachina aliwapenda kwa sababu wanamiminiana chai kwanza, halafu ndio wanagombana.

Mazungumzo yao ni Kichina, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Mama anasoma Kiswahili na Kibukusu, kidole kikifuata mstari, na maandishi yale hayamngojei mtu mwenye kidole. Kwa hiyo nilimsomea kwa Kiswahili. Mfalme, mke mdogo, mtoto, mchawi, wote walisema kwa sauti yangu moja. Mtu akifungua mdomo tu, Mama alikuwa ananiambia, "Soma."

Nimetazama nyingi za kutosha kuwa na maoni. Za zamani, zenye panga na majumba ya kifalme, zinazishinda mbali zile za ofisini. Za ofisini zote zina mkurugenzi kijana asiyecheka na msichana anayejikwaa akimmwagia kahawa, na sijawahi kuona mtu yeyote akifanya kazi humo. Machozi yao hutoka tone moja moja, wala hakuna anayetokwa na kamasi. Hadithi ya vipindi arobaini ingetosha ishirini. Katikati watu wanakaa wakikumbuka mambo tuliyoyaona juzi. Lakini kuna jambo moja wanalijua kuliko watengenezaji wengine wote niliowatazama. Wanajua habari mbaya inavyofika. Mjumbe anapiga magoti langoni, hasemi kitu, na picha inakwenda kwenye mikono ya mama mwenye nyumba. Nimesimama kwenye malango ya watu kwa ajili ya kazi yangu. Ni hivyo hasa.

Mama alikuwa na maoni yake pia.

"Hiyo supu iko na sumu."

"Umejuaje?"

"Nani analetea mke mwenza supu ya bure?"

Alikuwa sahihi kila mara. Mama mkwe mmoja mkali alipotokea, alisema, "Huyu namjua. Alikuwa na duka Ndalu."

Na alikuwa na kanuni moja aliyoipata kwa kutazama kwa makini: kama hawajaona maiti, mtu hajafa. Si uongo. Katika tamthilia hizi shujaa anapigwa mshale, anaanguka kutoka ukingo wa mlima, chini kuna mto. Nyumbani wanalia. Vipindi vitano baadaye yuko katika kibanda cha mzee mchuma dawa, amefungwa bendeji safi. Hapo Mama alikuwa anapiga makofi, mara moja tu, kwa nguvu.

"Si nilikwambia?"

Mwanzoni nilicheka naye. Baadaye nikaanza kuwachukia waandishi hao ambao hawamwachi mtu yeyote afe majini.

Kisha ikaja tamthilia ya jemadari na familia yake mpakani, katika nchi ya baridi. Kijana wao wa mwisho alianguka na farasi wake darajani, mto ukambeba. Mwili haukuonekana. Mama yake alingoja, na sisi tukangoja naye, jioni baada ya jioni. Mpaka siku moja yule mama akatoa vazi la mwanawe kabatini, akalikunja, akalilaza ndani ya sanduku refu jeusi. Maandishi chini yalisema: kwa kuwa mwili wako haupatikani, nguo zako na ziende udongoni kwa niaba yako.

Niliyasoma kwanza moyoni.

"Soma," Mama alisema.

"Anasema, nakutunzia nguo zako mpaka urudi."

Uongo wa namna hiyo unahitaji utunzaji. Sanduku lilipobebwa nje, nilisema wanalipeleka stoo, wadudu wasile nguo.

"Na mbona wanalia?"

"Wamemkumbuka."

"Na mbona wote wamevaa nyeupe?"

"Ni sikukuu yao."

Tangu jioni hiyo kulikuwa na tamthilia mbili katika chumba kile, moja kwenye kioo na moja mdomoni mwangu. Niliandika kwenye daftari langu la kazi yale niliyokwisha kusema, ili nisijipinge. Niliwapa watu wa jumba lile habari ambazo hawakuwa nazo: kijana ameonekana sokoni, kijana yuko kusini, anaumwa mguu lakini anatembea. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba na mimi nilianza kungoja. Lango la jemadari likifunguka kwenye picha, nilisogea mbele kwenye kiti. Nilikuwa nimemwona akizikwa, na bado nilitazama nyuma ya kila aliyeingia.

Kipindi cha mwisho kiliisha yule mama akiwa ameketi uani peke yake, theluji ikianguka.

"Sasa mbona hajarudi?"

"Kuna sehemu ya pili," nilisema.

Hakukuwa na sehemu ya pili.

Jumamosi iliyofuata baba mdogo alifika kutoka Bungoma na ujumbe wa wazee. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa gogo la mgomba. Linavikwa nguo zake, linaombewa na kuimbiwa, linazikwa kama yeye. Baada ya hapo ndipo jina lake linaweza kupewa mtoto. Hilo lilikwisha kusemwa mara tatu tangu kaka apotee, na mara zote Mama alikataa.

"Mulamwa," baba mdogo alianza, maana ndivyo tunavyomwita shemeji, "watoto wanazaliwa huko nyumbani na jina imeshikwa. Tumpumzishe."

"Umeona maiti?"

"Maji ilishampeleka mpaka ziwani, bana. Tutangoja nini?"

"Kuna mwenye alianguka na farasi kwa daraja," Mama alisema. "Mama yake hakuzika. Aliweka nguo, akangoja."

"Huyo ni nani? Wa Cheptais?"

"Wa China."

Baba mdogo aliitazama televisheni, akanitazama mimi, akatazama kikombe chake kana kwamba nimetia kitu ndani.

"Sasa unaacha wazee wa boma, unasikiza Wachina? Ati farasi!"

"Cheka tu. Yule mama anajua kungoja. Na mimi naweza."

Alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kwamba Mama ndiye hayuko tayari. Sasa nilimsikia akimkatalia kaka yangu mapumziko kwa maneno niliyoyatunga mimi.

"Mama," nilisema. "Alizika."

"Nani?"

"Yule mama. Lile sanduku lilikuwa jeneza. Zile nguo nyeupe ni za matanga. Nilikudanganya."

Baba mdogo aliweka kikombe chini polepole. Mama hakunitazama.

"Na sehemu ya pili?"

"Hakuna."

Alinyoosha shuka lake juu ya magoti, akalinyoosha tena.

"Weka hapo," alisema. "Soma vile imeandikwa."

Nilikitafuta kipindi kile, nikaketi, nikasoma. Nilisoma neno kwa neno, nguo, udongo, kwa niaba yako. Misumari ilipoanza kupigwa Mama aliinua mkono, nikasimamisha picha. Aliutazama uso wa yule mwanamke kwa muda mrefu.

"Nilikuwa naona," alisema. "Hakuna mtu hufunga nguo na misumari."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasoma vizuri."

Baba mdogo alitoka nje kuangalia mvua, na mvua haikuwepo. Aliporudi, Mama alimuuliza ni siku gani wazee wamepanga.

Tulizika asubuhi, Bungoma, mbele ya watu wa kanisa na majirani. Wanaume walikata mgomba nyuma ya jikoni, wakauleta hadi uani na kuulaza juu ya mkeka, utomvu ukichuruzika. Shati na suruali yake vilikuwa vimepigwa pasi. Mmoja wa wazee alianza kuinama ili auvike, na Mama akamzuia.

"Huyu ni nani?"

Nilidhani anakataa tena.

"Mulamwa," baba mdogo alisema kwa upole, "si tuliongea?"

"Tuliongea. Lakini huyu ni mfupi. Mtoto wangu hakuwa hivi."

"Ni gogo tu, mulamwa."

"Gogo? Si mmesema ni yeye? Mkateni upya, vizuri."

Mwenye panga aliokota fito, akauliza urefu gani. Mama alinishika bega, akanisogeza mpaka katikati ya uwanja, akanisimamisha. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Akafikiri. Kisha akakiinua juu kidogo, kikabaki hewani.

"Hapa."

Yule mtu aliisimamisha fito ubavuni mwangu, akapima kutoka kwenye udongo hadi kwenye mkono wa Mama. Nilisimama wima, visigino pamoja, mpaka alipomaliza kutia alama. Kati ya nywele zangu na kiganja cha Mama palikuwa na nafasi ya vidole vinne hivi.