Mpira Kwenye Mahindi Yangu

Wacha niseme mapema ili tusisumbuane: sikuomba msamaha na sitaomba. Wale wanaosimulia kwamba nililia siku ile hawakuwa karibu nami. Nilikuwa nimelowa, na majani ya mahindi yalikuwa yamenichapa usoni, basi.

Shamba langu linapakana na uwanja wa mpira. Naishi huku juu, mbele kidogo ya Keringet, ambako baridi haina adabu na mahindi hukaa shambani karibu mwaka mzima kabla ya kukomaa. Seng'enge iliyokuwa kati yangu na uwanja ilianguka zamani, na kamati ya timu imekuwa ikiahidi kuirudisha tangu mwenyekiti akiwa na nywele. Kwa hivyo mpira ukitoka upande ule unaingia kwangu. Mahindi yakiwa mafupi, mtu anainama tu na kuuchukua. Yakishapita kichwa cha mtu, mpira ukiingia unaweza kukaa.

Hapo ndipo watu wetu walipopata ujanja. Timu yetu ya wasichana ikiwa inaongoza na mechi ikikaribia kuisha, beki anaupiga mpira shambani kwangu makusudi. Vijana wawili watatu wanaingia kuutafuta. Kutafuta gani? Wanaketi huko ndani wanapiga stori, na njaa ikiwauma wanavunja hindi bichi na kutafuna. Mpira wa pili, ambao mwenyeji anatakiwa kuwa nao kila mechi, unakuwa umeisha upepo ghafla. Refa anapuliza filimbi, anaangalia saa, anaangalia umati, anakumbuka kwamba atarudi kwake kwa miguu, na dakika haongezi. Mashabiki wanacheka hadi wanashikana. Msimu wote tulishinda hivyo mara kadhaa, na watu wakaita hiyo akili.

Mimi niliita wizi, na niliwaambia. Nilimwambia kocha, nikamwambia mwenyekiti mbele ya duka, na wote wawili wakanijibu kwamba mathe, wewe hujui mpira. Mimi! Nilicheza netiboli hadi nikazaa, na nilipozaa nikarudi. Tulipigana viwiko, tulivutana fulana, sikatai. Lakini mpira ukitoka, aliye karibu nao anaurudisha, awe wa kwetu au wa kwao. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani. Ni namna tu ya kuishi na watu. Huwezi kumwalika mgeni, umfungie choo, halafu ujiite mwenyeji.

Sasa shida ni kwamba nahodha wa timu hiyo alikuwa binti yangu mwenyewe. Beki wa kati, miguu mirefu ya babake, kichwa kigumu changu. Mpira kwake haukuwa mchezo wa jioni. Aliamka kukimbia kabla hatujakamua ng'ombe, na viatu vyake vya kuchezea alivilaza ndani ya nyumba, akavijali kuliko hata nguo za kanisani. Mwaka huo walikuwa wamefika mahali ambapo timu ya huku haikuwahi kufika. Ilibaki mechi moja, hapa nyumbani. Tukishinda, tunapanda daraja, wasichana wanaanza kucheza mjini Nakuru mbele ya watu wanaotafuta wachezaji. Tukitoka sare, wageni ndio wanapanda, sisi tunabaki na matope yetu. Binti yangu alishapiga simu kwa dada yangu anayeishi Section 58, huko huko Nakuru, akaomba nafasi ya kulala wikendi za mechi. Wiki hiyo nzima chakula hakikumshuka vizuri. Na mimi, nisidanganye, nilitaka ashinde kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale.

Wageni walitoka Longonot. Walishuka garini na kaptula na fulana nyembamba, wakatetemeka mpaka ukawahurumia, maana kwao wamezoea jua na vumbi. Nilikuwa nimebeba chupa mbili za chai za timu yetu, nikawapelekea moja. Wamama wenzangu wakaanza kunitazama kwa pembe ya jicho, na mmoja akaniuliza kama nimehamia Longonot. Nikamjibu bado, lakini nikisikia maneno mengine ya aina hiyo nitafikiria.

Mechi ikaanza, na matusi yakaanza nayo. Watu wetu walijipanga nyuma ya goli la wageni, wakamchambua kipa wao, msichana mdogo tu, kuanzia nywele hadi kucha. Mwingine akamrushia maji ya matope. Nilichukua mwavuli wangu nikaenda kusimama pale katikati yao. Sikusema mengi. Niliwauliza tu mmoja mmoja mamake anaendeleaje, na kama anajua mwanawe yuko wapi saa hii anafanya nini. Ilisaidia kidogo. Watu wazima wenye ndevu walihamia upande mwingine kama kuku waliomwagiwa maji.

Kipindi cha pili tukafunga. Niliruka hadi leso ikanianguka, na nilipoiokota nilikuwa nimeshika mkono wa yule yule mama aliyeniuliza habari za Longonot, tunapiga kelele pamoja. Ningemwomba Mungu asimamishe mchezo hapo hapo. Lakini wageni hawakukata tamaa. Walikuja, wakaja tena, na wasichana wetu wakaanza kuchoka, unaona kabisa miguu imekuwa mizito. Nikarudi mahali pangu kwenye ukingo wa shamba, mikono kifuani.

Ilikuwa dakika za mwisho. Mpira ulimfikia binti yangu karibu na laini, upande wangu. Alikuwa na mwenzake pembeni, hana mtu, angempasia. Aliinua kichwa, na badala ya kumwona mwenzake akaniona mimi. Tuliangaliana. Ninajua macho ya mtoto wangu. Yale yalikuwa ya kuniambia mama, leo tafadhali kaa kimya. Kisha akaupiga. Haukuangukia pembeni kama ilivyokuwa kawaida yao. Ulipaa juu ya mahindi, ukapita katikati ya shamba, ukashuka kule chini karibu na mtaro.

Uwanja mzima ulicheka. Vijana wakaingia kwa mwendo wa kwenda harusini. Msichana wa wageni aliyetakiwa kurusha alisimama mbele yangu kwenye laini, mikono mitupu, anahema. Hakutukana mtu. Aliniuliza tu kama kweli hatuna mpira mwingine. Nikamwangalia kocha wetu. Alikuwa ameukalia mfuko wa mipira, anatazama mawingu.

Nilijua ninachofanya, hilo nataka lieleweke. Baadaye watu walijaribu kunisaidia kwa kusema kwamba nilikasirika kwa sababu ya mahindi yangu, ati nilikuwa nawafukuza wanaoniharibia shamba. Uongo. Mahindi wameharibu miaka yote na sijawahi kukimbia. Nilijua kabisa kwamba nikitoka na ule mpira, mtoto wangu anaweza kuikosa Nakuru. Lakini lile shamba ni langu, nalilima kwa mikono yangu, na kitakachofichwa ndani yake nitakuwa nimekificha mimi. Nikajifunga leso vizuri, nikaingia.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana, kila jani nililogusa lilinimwagia maji. Nilifuata mistari niliyopanda mwenyewe hadi karibu na mtaro, nikamkuta kijana wa jirani, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, ameketi. Alikuwa ameukalia mpira kama kiti.

"Inuka," nikamwambia.

"Mathe, ni dakika mbili tu zimebaki. Si ni timu ya msichana wako?"

"Ni timu yake, na hili ni shamba langu. Inuka kwa hiyo mpira ama nikuinue."

Akaniangalia kuona kama nacheza. Akainuka. Niliuchukua nikauweka chini ya kwapa, nikapandisha na ule mstari kwa mbio ambazo sijui nilizitoa wapi na magoti haya yangu.

Nilipotokea watu walinitazama kama hawaamini. Halafu kelele. Niliitwa msaliti, niliitwa mchawi, mtu mmoja akanivuta leso kutoka nyuma, nikampiga kofi mkononi bila kuangalia ni nani. Kocha alinipungia niuweke chini. Nikampita. Yule msichana wa Longonot alinyoosha mikono, nikampa mpira kwa mikono yangu miwili, jinsi unavyompa mtu kitu chake.

Alirusha haraka kabla watu wetu hawajajipanga, mwenzake akapiga krosi, na yule mfupi wao akaruka juu ya binti yangu akafunga kwa kichwa. Sare. Refa akapuliza filimbi ya mwisho hata kabla wageni hawajamaliza kushangilia.

Wasichana wetu waliondoka uwanjani bila kuwapa wageni mkono. Binti yangu alitangulia, ameinamisha kichwa, na hakunitazama. Hilo la mkono liliniuma zaidi ya bao. Nikaenda mimi mwenyewe, nikiwa na matope hadi magotini, nikawasalimia mmoja baada ya mwingine na kuwapongeza. Kipa wao alinishika mkono akakataa kuuachilia. Nilirudi nyumbani kwa kupita nyuma ya nyumba za watu, si kwa woga, ni kwa sababu kama mtu angenisemesha ningempiga.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kwa posho mill, pale tunaposaga unga, walinipa jina la VAR, ile mitambo ya Ulaya ya kukagua magoli, na hadi leo kuna watoto wananiita hivyo. Kwa kikundi cha kina mama viti viwili kila upande wangu vilikuwa vitupu. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni nyumba. Binti yangu aliongea na ng'ombe, akaongea na simu, nami akaniongelesha kwa mambo ya lazima tu: maziwa yamechemka, chumvi imeisha. Alivisafisha viatu vyake vya mpira akavifunga kwenye karatasi akaviweka juu ya kabati. Nilimwona akifanya hivyo. Nilisikia uchungu, ndiyo. Kujuta sikujuta. Watu hufikiri hayo mawili lazima yaje pamoja.

Jumapili moja baada ya ibada kamati ikaniita darasani, pale shule ya msingi. Wachezaji walikuwapo wote, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti akazungumza kwa upole wa kutisha. Akasema mama, wewe ni mwenzetu, hatutaki kukufukuza. Tunachoomba ni uwaombe wasichana hawa msamaha, na uahidi kwamba siku za mechi utakuwa unatazama ukiwa upande ule mwingine, mbali na shamba. Ukikataa, itakuwa vigumu kwa binti yako kuendelea kuwa nahodha, kwa sababu timu haiwezi kuongozwa kutoka nyumba iliyoiuza.

Kwa hivyo walikuwa wamemweka yeye rehani. Nilisimama.

"Sikuuza chochote," nikasema. "Nilirudisha mpira wa mechi uwanjani. Kama hiyo ni dhambi, mechi ijayo nitaifanya tena, na nyinyi mtaniita tena hapa, na nitakuja. Msamaha sina."

Mwenyekiti akapumua, akamgeukia binti yangu. Akamwambia ongea na mamako, wewe atakusikia. Sote tukamtazama. Alikuwa hajaniangalia usoni tangu siku ile, na hata wakati huo hakuniangalia. Alisimama taratibu.

"Bado nimemkasirikia," akasema. "Sijui nitamaliza lini. Lakini mpira niliupiga mimi, makusudi, na nyinyi wote hapa mlijua ni makusudi. Kama kuna wa kuomba msamaha, anzeni na mimi."

Akachomoa kile kitambaa cha nahodha mfukoni, akakiweka juu ya meza ya mwalimu mbele ya mwenyekiti. Hakuna aliyemwambia akichukue, na hakuna aliyekigusa. Golikipa wetu alianza kulia. Mwenyekiti akafunga kikao kwa maombi, maana huku kwetu hata aibu hufungwa kwa maombi, na wakati wengine wamefumba macho mimi yangu nilikuwa nimeyaacha wazi.

Tulitembea kwenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, maana njia ni nyembamba na matope yalikuwa mengi. Nilitaka kumwambia kwamba amefanya vizuri, nikaona sina haki hiyo. Alikuwa amepoteza Nakuru, amepoteza na unahodha, na vyote viwili vilipitia mkononi mwangu. Tulipofika kwenye kona ya shamba akasimama bila kugeuka.

"Ungengoja dakika mbili tu, mama."

"Singengoja hata moja."

"Najua," akasema. "Ndio maana niliupiga mbali hivyo."