Waliobisha Hodi Sana

Juzi nilikuwa foleni kwenye ofisi ya kampuni moja ya pamba, Bunda. Mbele yangu mama mkulima alinyoosha simu dirishani. Ilikuwa imegoma kumsajili apate mbegu.

"Mfumo umekufungia, mama," alisema mtaalamu wa kompyuta. "Kuna watu wanatuma maombi ya uongo maelfu kwa mpigo ili mitambo yetu izidiwe. Kwa hiyo anayejaribu mara nyingi, inamzuia."

"Nimejaribu tangu asubuhi kwa sababu hamuitikii."

"Ndiyo maana imekuzuia."

Mama alikaza kanga kiunoni, akatugeukia kama anatafuta mkalimani. "Wanaotuibiaga ng'ombe hawapigagi hodi hata moja!"

Mtaalamu akakuna kichwa. Nikaangalia simu yangu: nilishajaribu mara saba. Nikaificha mfukoni, kama mwizi.