Mkono Uliopiga Jante

Asubuhi za kilima chetu, juu kidogo ya Burungu huko Masisi, zilikuwa na sauti moja iliyozishinda nyingine zote. Haikuwa sauti ya jogoo wala ya ng'ombe wanaotaka kukamuliwa. Ilikuwa jante, rimu kuukuu ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi mbele ya kanisa letu dogo na kupigwa kwa kipande cha chuma. Parokia ilikuwa mbali na kengele halisi hatukuwahi kuiona, lakini hatukuikosa, maana jante yetu ilijua kusema. Ilituita misani. Ilitangaza salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba itoe mtu na jembe lake. Ikipigwa haraka haraka bila kupumzika, ilisema kimbieni, wenye bunduki wanakuja. Ikipigwa polepole, mapigo mawili mawili, ilisema rudini nyumbani, wamekwisha kupita. Lugha hiyo tuliijua kabla ya kujua kusoma, na hakuna mtu wa kilima chetu aliyewahi kujiuliza kama jante inaweza kusema uongo.

Mpigaji wake alikuwa katekista, mzee mwenye kikohozi kisichopona. Alipozidiwa alimwachia kazi mjomba wangu Bauma, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Huyo mjomba alipendwa na watu. Alikuwa akituletea vipande vya jibini kutoka kwa wafugaji, akinibeba mabegani tukienda kuvuna maharage, na ndiye aliyenifundisha mapigo yote ya jante kwa kugonga sufuria ya mama hadi mama akamfukuza jikoni. Nikikumbuka nilivyompenda, hasira hunipanda hadi leo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi chawa wetu tulimfulia nguo na kumpa kiti.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa maharage. Kilima kizima kilinuka mabua makavu na vumbi la maganda, na vita vilikuwa vikihama kutoka kilima hadi kilima kama mtu anayetafuta mahali pa kulala. Siku vilipotufikia, katekista aliipiga jante kwa haraka, na hakuacha mpaka risasi ilipomwangusha chini ya mkaratusi wake. Kwa ajili yake sote tulipata muda wa kuingia korongoni. Tulikaa humo katika baridi ya Masisi, mvua ikitunyeshea, bila moto, watoto wakilia njaa na mama zao wakiwaziba midomo. Kulipopambazuka na njaa imetuzidi, mama alinichukua tukapanda hadi shamba la juu kuchimba viazi kwa mikono, kwa sababu aliogopa mlio wa jembe. Baba alibaki korongoni na mdogo wangu Furaha, ambaye alikuwa amechomwa na mwiba na hakuweza kukanyaga.

Tukiwa huko juu tukaisikia jante. Polepole, mapigo mawili mawili. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kukusanya viazi ndani ya kitenge chake. Wala hakujiuliza, kama katekista amekufa, ni nani anayepiga. Hakuna aliyejiuliza. Mtu wa mahali pengine angesita, angetuma kijana akachungulie kwanza. Sisi tulizoea kuiamini jante kuliko masikio yetu. Watu wakatoka korongoni na mikeka yao, sufuria zao na mbuzi wao, wakielekea kanisani kama waliokuwa wakienda misa ya Jumapili.

Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba, na kutoka pale uwanja wa kanisa ulionekana wote, ingawa sauti ya mtu isingeufikia. Nilimwona mjomba Bauma. Alikuwa amevaa koti lake la buluu, na chuma kilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyemwelekezea bunduki. Wenye bunduki walikuwa wamelala migombani na nyuma ya kanisa, migongo yao naiona, na nyuso zao zilitazama njia ya korongoni, hazikumtazama yeye. Baba alikuja katikati ya wengine akiwa amembeba Furaha mabegani. Mjomba aliwaona, hilo nina hakika nalo, kwa sababu Furaha alimpungia mkono. Aliendelea kupiga mpaka watu wote walipokuwa uwanjani. Kisha akaweka chuma chini, akaenda kuketi kwenye ngazi ya kanisa, akawasha sigara. Yaliyofuata sitayaandika. Kazi yangu ya redio imenifanya nieleze vifo vya watu wengi, lakini kifo cha baba na cha Furaha sikigeuzi habari.

Nilimwambia mama kwamba ni mjomba. Aliniziba mdomo kwa mkono uliojaa udongo wa viazi, akanivuta chini. "Nyamaza, mutoto," aliniambia sikioni. "Haukuona kitu. Ule iko ndugu yangu. Usimutaje mbele ya muntu, siku zote nitakuwa muzima."

Tulitembea hadi Walikale kupitia msituni, tukapokelewa Mubi na familia ya wakulima ambao hawakutujua kwa lolote. Walitupa lituma, zile ndizi zilizopondwa kwa mafuta ya mawese, na mama mwenye nyumba alitupisha kitanda chake. Alipouliza ni nani waliotufanyia hivyo, mama alijibu kwamba ni watu wa bunduki, basi. Nilijua sababu yake. Kule kilimani walibaki shangazi zangu na watoto wao, mikononi mwa mjomba. Tena mama aliona aibu, aibu ya mtu aliyenyonya ziwa moja na muuaji. Nilikua na lile jina likiwa limenikwama kooni kama mfupa wa samaki.

Nikawa mwandishi wa habari wa redio. Wajane walikuja na majina ya waliowaua waume zao, nami niliwashikia kipaza sauti huku jina nililolijua mimi nikilimeza. Mjomba naye alinenepa. Shamba letu alilifanya lake, na mwishowe akachaguliwa kuongoza kamati ya amani. Siku moja alifika Walikale kwenye mkutano, nami nikatumwa kumhoji. Aliniita mtoto wa dada, akaniuliza hali ya mama, kisha akaiambia redio kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli si ndwele, kwake yeye. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Mama alifariki mwaka huu. Kwetu kaburi la mwanamke halifunikwi mpaka ndugu yake atupe udongo wa kwanza, akionyesha kwamba ukoo wake umemwachilia. Mjomba alikuja na viatu vinavyong'aa. Watu wote walimngojea, na alipoinama kuchukua udongo nilisimama kati yake na kaburi.

"Huyu njo alipiga jante," niliwaambia. "Alipiga ya kurudi, watu wakakuja, wakauawa. Nilimuona na macho yangu."

Hakukana. Alitazama chini, akasema, "Mutoto wa dada, walinishikia bunduki."

"Na ile sigara," nilimuuliza, "ni nani alikushikia?"

Udongo ulimponyoka mkononi. Wazee walinisihi nimruhusu, wakisema mama hatalala salama. Nilichukua jembe nikamfunika mama yangu mwenyewe, na binti wa ile nyumba ya Mubi akanisaidia. Mjomba aliondoka bila kupewa hata kiti. Tangu siku hiyo wanawe hunipigia simu kunitisha, na shangazi zangu wamehamia Kitchanga kwa kumwogopa.

Siku hizi habari za vita huwafikia watu wa Masisi kwa simu, na uongo huja kwa njia hiyo hiyo, upesi kuliko jante yoyote. Watoto wa sasa angalau hushuku. Padri wetu ananihimiza nisamehe, na ndugu zangu wanasema nimevunja mila mbele ya maiti. Huenda wanasema kweli. Lakini nimekwisha kurekodi ushuhuda wangu, jina lake, la baba yake na la kilima chetu, na utasikika hewani asubuhi, saa ambayo watu wa kule hufungua redio. Mama alinikataza kumtaja maadamu yeye yu hai, nami nilimtii mpaka pumzi yake ya mwisho. Baada ya hapo hakuniachia amri nyingine.