Kingamwili na Kibuyu cha Shangazi

Siku nilipovimba midomo na koo mezani kwa shangazi yangu, pale mtaani Ngagara, ukoo ulitoa hukumu kabla sijafika hospitali: kanipa sumu. Nilikuwa nimekula mboga za lengalenga zilizotiwa unga wa ndagala, samaki wadogo niliowala tangu utotoni, na kwetu wanaamini mtu hadhuriki na chakula alichokulia. Mimi nilipona kwa sindano. Shangazi hakupona. Hakuna jirani aliyekubali tena hata maji ya kunywa kwake.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Kazi yangu ni ya maabara, na wakati ule tulikuwa tunachunguza mzio. Ndani ya friji yetu kulikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kilichofika kwenye barafu. Kilikuwa na kingamwili inayokamata vipokezi vya mzio juu ya seli za damu. Ikivikamata, seli hufoka kana kwamba imemwona adui. Kila jaribio lilianza nayo: seli zisipoiitikia, majibu mengine yote ni bure.

Nikamwomba mkuu wangu tone moja.

“Hiyo ni ya recherche, ya utafiti,” akasema, “si ya mambo ya famille.”

“Damu ni yangu, chef. Na fomu ya kujitolea mi nilisaini kama wengine.”

Alinuna siku mbili, kisha akakubali.

Niligawa damu yangu katika mirija mitatu, kila mmoja nikautia kitu chake. Kwenye mashine, mrija wa maji ya chumvi ulinyamaza. Wa kingamwili uliwaka. Wa mchuzi wa ndagala, ndagala niliowanunua mwenyewe sokoni, mbali na jiko la shangazi, uliwaka vilevile: mwili wangu uliwakataa ndagala wenyewe, haikuwa sumu. Nililia mbele ya ile mashine, na sioni haya kulisema.

Nikapeleka karatasi ya majibu kwenye kikao cha ukoo, nyumbani kwa shangazi. Baba mkubwa akaigeuza huku na huku.

“Karatasi inaonja nini? Mulozi anaweza kudanganya hata machine.”

Wakati huo shangazi akaingia na kibuyu cha bia ya ndizi. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Watu wazima wote wakamkodolea macho. Akainua kibuyu aonje, mwanamke aliyenilea miaka sita. Hata angekunywa chote, mdomo wake usingeeleza lolote kuhusu mwili wangu. Tulikuwa tunamdhalilisha bure.

Nikasimama. “Tanti, apana. Usionje. Lete.”

Nikanywa mimi kwanza, mafunda makubwa, kisha nikamkabidhi baba mkubwa kibuyu.

“Sasa we.”

Akaiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi. Sikuketi mpaka alipokunywa.